Kidude Kisichojua Kusalimu

Siku nilipokabidhi funguo za karakana yetu ya Kitale, mwenzangu Njoroge aliniuliza kama nimewaachia maandishi yoyote. Nikamwonyesha daftari langu la nyaya, kurasa zimejaa michoro na madoa ya chai. Akalifungua, akalifunga. "Hii tutaelewa, madam," akasema. "Tuandikie ile haiko kwa daftari." Kwa hiyo naandika. Nimeketi nyumbani kwangu karibu na Chwele, muda ninao, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuna mtu anayeshika ngazi huko chini akinihimiza nishuke.

Vyeo sitavitaja. Wanaovijua wanavijua, na wasiovijua hawajapungukiwa na kitu. Nitaanza na redio.

Nilipotoka shule nilienda Kitale kutafuta kazi yoyote, nikaingia kwenye duka la Mohinder, Kalasinga mmoja aliyetengeneza redio kati ya duka la mbegu na fundi cherehani. Nilimwambia naweza kufagia. Akanitazama juu ya miwani. "Fagio iko," akasema. "Fundi ndiyo hapana." Kisha akanipa redio ndogo na betri mbili zilizotupwa na mteja, akaniambia niifanye iongee mpaka jioni. Niliiwasha kwa furaha, nikaongeza sauti ili majirani wajue nimepata kazi. Haikufika saa sita mchana, ikazima.

Kesho yake akachukua betri nyingine, nazo za kutupwa vilevile, akaifungulia redio sauti ya chini wakati wa habari tu, akaizima, akaendelea na kazi zake. Jioni ilikuwa bado inaongea. "Betri iko kama unga ya mwisho wa mwezi," akaniambia. "Wewe napika ugali kubwa asubuhi, jioni watoto nakula nini?" Sijawahi kusikia somo la umeme lililozidi hilo, na baadaye nimelala katika semina nyingi.

Tabia yake ya pili ilikuwa mkono. Alikuwa na mita nzuri, aliipenda kuliko gari lake, lakini kabla ya kuiamini angegusa kifaa kwa mgongo wa mkono kuona kama kina joto. "Mita nasema. Mkono pia nasema," alikuwa akiniambia. "Mbili ikigombana, wewe simama kwanza." Nilikaa naye miaka minane. Jambo hilo la mkono nililishika vizuri sana, kisha nikaja kulisahau siku niliyolihitaji, kama mtakavyoona.

Baada ya hapo nilifanya kazi kwenye mabusta ya simu. Nilipanda minara kuanzia Kitale mpaka mpakani mwa Bungoma, nikafukuzwa na nyuki mara tatu. Vifaa vya huko juu vilikuwa vizuri, ila vilikula umeme kama ng'ombe wa gredi anavyokula majani. Umeme wa laini ukikatika, jenereta inanguruma, na mtu anatumwa kuleta dizeli. Nilifikiri hiyo ndiyo kazi nitakayostaafu nayo. Kisha kampuni yetu ikaja na vidude.

Kwa wale walioajiriwa juzi: kidude cha kwanza kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia iliyotumika nusu. Ndani kilikuwa na betri mbili, kipimo cha joto na unyevu, redio ndogo, na akili isiyoweza kubeba hata picha moja ya harusi. Hakikuwa na laini ya simu, kwa sababu simu ingemaliza betri zile ndani ya siku chache, na sisi tulitaka zikae miaka. Kwa hiyo kidude kililala. Kiliamka mara moja kwa saa, kikapima, na kikiwa na neno kikasema tarakimu chache hewani, polepole sana, kikalala tena. Tarakimu hizo zilisafiri kilomita kadhaa mpaka kwenye kisanduku kikubwa tulichokiita lango. Lango lilifungwa mahali pa juu penye umeme na intaneti, nalo ndilo lililopeleka ujumbe kwenye kompyuta yetu Kitale na kwenye simu za wenye mali.

Nilipoeleza mara ya kwanza, jamaa mmoja wa karakana alisema hiyo si teknolojia, ni uvivu. Mimi nikamkumbuka Mohinder na ile redio. Nilijua nimerudi nyumbani.

Shida ya kwanza ilikuwa bahasha. Ujumbe wowote wa intaneti hubeba anwani kamili ya anayetuma na anayepokea, na mambo mengine mengi. Njoroge, ambaye baba yake alihamia Trans-Nzoia kulima na mwenyewe akalima kompyuta, alikuja mezani kwangu amekunja uso. "Madam, barua ni neno moja na bahasha ni gunia. Hii kitu itabeba aje?" Tulihangaika wiki nyingi. Mwishowe tukakubaliana kwamba lango, ambalo lina umeme wa kutosha, litunze anwani zote kichwani mwake. Kidude kiseme nambari fupi tu, "mimi wa saba," na lango limalizie yaliyobaki. Hata kijijini mtu hamwiti jirani yake kwa majina matatu na nambari ya kitambulisho. Anaita tu, na anayeitwa anajijua.

Nilifurahi sana na ubahili ule, nikauzidisha. Nikapendekeza kidude kisiseme lolote mambo yakiwa mazuri. Joto likipanda, kiite. La sivyo, kinyamaze. Njoroge alisita kidogo, lakini mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa kazi, na betri kwenye hesabu zangu zilikuwa zinakaa hadi karibu nistaafu. Nilijivunia jambo hilo. Nawaambieni ili mjue ni nani wa kulaumiwa kwa yanayofuata.

Ghala letu la kwanza la mahindi lilikuwa la kikundi kimoja nje ya Kiminini. Familia thelathini na kitu ziliweka mahindi yao pamoja chini ya paa moja. Hayakuwa ya kuuza. Yalikuwa chakula chao cha kuwavusha ile miezi ya katikati ya mwaka, wakati shamba limejaa majani lakini hakuna cha kupika. Mtunza ghala alikuwa Mama Nasimiyu, mwanamke wa rika langu, mrefu, anayeongea polepole kama mtu anayehesabu. Mazoea yao ya zamani yalikuwa haya: kila Jumamosi alifungua ghala, akaingiza mkono ndani ya magunia mpaka kiwiko kusikia kama kuna joto, akatoa punje na kuing'ata. Punje kavu hulia kwa meno. Mahindi yakipata unyevu huota kuvu yenye sumu, na hapo hayafai hata kuku.

Mimi nilimwambia aache. Kufungua mlango kila mara kunaingiza hewa yenye maji, nilimweleza, na sasa kuna kidude.

Ilikuwa Februari. Mashamba yalikuwa matupu, vumbi tupu, na ukisimama mlangoni pa ghala uliona paa la kanisa kule Kiminini tulikofunga lango. Nilifunga kidude chini ya upenu, waya wa kipimo chake nikauingiza ndani katikati ya magunia, nikapima mawimbi, yakawa safi kabisa. Mama Nasimiyu alisimama kando amefunga mikono.

"Na hii kitu asubuhi itakuwa inasema nini?" akauliza.

"Haitasema kitu, mama. Ikinyamaza, jua kila kitu kiko sawa."

"Sisi huku mtu akinyamaza, tunaenda kubisha."

Ni kweli. Mimi pia ni Mbukusu, nimekulia huko. Asubuhi jirani anaita juu ya ua, "Mulembe," na wewe unaitika mulembe, na kwa neno hilo moja kila mtu anajua mwenzake ameamka na nguvu zake. Usipoitika mpaka jua lipande, mtu ataacha jembe lake aje kuona. Nilimcheka Mama Nasimiyu kwa upole, nikafikiri ananitania. Nikapanda gari nikarudi Kitale.

Machi na Aprili kidude kilinyamaza. Mei na Juni kilinyamaza. Kwenye kompyuta, alama ya ghala lile ilikaa kijani. Sisi tuliendelea na visa vingine. Chwele kuna muuza maziwa aliyeondoa betri za kidude akazitia kwenye tochi, akatuandikia kwamba mashine yetu ni mbovu. Mahali pengine kuku alikalia lango siku nzima kwa sababu lilikuwa na joto. Tulicheka sana mwaka ule.

Julai, siku ya Jumanne, Mama Nasimiyu alinipigia simu. "Fundi, hii kitu yako iko salama?"

Nikatazama kompyuta. Kijani. "Iko salama, mama. Mashine inasema mahindi ni mazima."

"Inasema, ama imenyamaza?"

Hilo ndilo swali ambalo ningetaka mlibandike ukutani hapo karakana. Mimi nilikuwa na chai mkononi na kazi nyingine mezani. Nikamwambia ni jambo lilelile. Akasema, "Si lilelile. Mimi nimefungua ghala leo. Nimeweka mkono. Kuna joto." Nikamwambia labda ni hali ya hewa, magunia hupata uvuguvugu kidogo, nitapita nikipata nafasi. Mita na mkono vilikuwa vinagombana waziwazi na mimi sikusimama. Nilipata nafasi siku ya tatu.

Niliposhuka mlangoni pa ghala nilitafuta paa la kanisa kwa macho, sikuliona. Mbele yangu palikuwa na mahindi. Yalikuwa marefu kunizidi, majani yanadondosha maji ya mvua ya usiku, mstari baada ya mstari mpaka Kiminini. Maji hunywa mawimbi ya redio, kila fundi anajua hivyo, na jani la hindi mwezi wa Julai ni maji yaliyosimama wima. Mimi naitwa Nekesa, jina wanalopewa waliozaliwa wakati wa mavuno. Baba yangu alikuwa mkulima, na babu pia. Na nilikuwa nimepima mawimbi Februari na kusahau kwamba mahindi huota.

Nilishusha kidude, nikakiunganisha na kompyuta yangu kwa waya, nikasoma kumbukumbu zake. Kilikuwa kimeita. Siku tisa mfululizo, kila saa, joto, joto, joto, bila kuchoka, na betri zilikuwa zimekaribia kwisha kwa sababu ya kuita. Hakuna aliyekisikia. Nilikaa juu ya debe nikalia kidogo, nikajifanya ni vumbi la mahindi. Nilikionea huruma kama kiumbe, na niliona aibu mbele ya yule mwanamke aliyekuwa ameniambia ukweli kwa simu. Yeye hakunisema. Alinipa leso tu, akaniambia, "Tutoe magunia kwanza. Kulia tutalia baadaye."

Msumari mmoja wa bati ulikuwa umelegea, na maji yalikuwa yakishuka kwenye ukuta wa nyuma. Tulitoa magunia yote nje. Kikundi kizima kilikuja na maturubai, tukaanika mahindi kila jua lilipochungulia, tukayafunika kila wingu lilipokuja, na mtu akilala mwingine anageuza kwa reki. Ilichukua siku tano. Magunia kumi na moja ya upande wa ukuta yalizikwa shimoni pamoja na majivu. Mengine yote yalikauka, na punje zikarudi kulia kwa meno. Chakula cha kuwafikisha mavunoni kilikuwepo, kwa kubana kidogo.

Kisha kukawa na mkutano. Katibu wa kikundi, mzee mmoja mkali mwenye kofia ya manyoya, alisema yale ambayo ningeyasema mimi kama ningekuwa yeye. "Hii vitu irudi Kitale. Sisi tulikuwa tunaweka mkono kila Jumamosi. Hawa ndio walituambia tuache, ati mashine italinda. Imelinda nini?" Watu wakanung'unika kumuunga mkono. Mimi nikaanza kukunja nyaya zangu polepole.

Mama Nasimiyu akasimama. "Hiyo kitu imepiga nduru siku tisa," akasema. "Mmeona wenyewe kwa kompyuta ya fundi. Mtoto akilia na mama hasikii, unafukuza mtoto? Haikukosa. Ni adabu haikufunzwa. Fundi aende aifunze kusalimia watu asubuhi. Na sisi turudishe mkono kwa gunia. Hawa wawili watafanya kazi pamoja."

Yule mzee akanigeukia. "Inaweza kusalimia?" akaniuliza.

"Inaweza," nikasema, ingawa betri sikujua nitazitoa wapi.

Njoroge hakunikumbusha kwamba alisita. Ni jambo moja kati ya mengi ninayomshukuru. Tulikaa naye tukapunguza tena. Tukakata anwani zaidi, tukafanya kidude kiseme joto na unyevu kwa pamoja badala ya mara mbili, tukakifunza kunong'ona pale lango linaposikia vizuri na kupaza sauti pale tu lisiposikia. Kilichookolewa tukakitumia kwa salamu. Asubuhi na jioni kidude hutuma alama moja ndogo kuliko zote. Lango likiipata, kompyuta yetu, yenye umeme wa kutosha, inaandika neno lenyewe na kulituma kwenye simu ya mtunza ghala: Mulembe. Alama isipofika, simu inaandika kwamba kidude kimenyamaza, nendeni mkabishe. Betri zilipoteza miezi kadhaa ya maisha yao, na meneja wetu aliuliza kwa nini tunatumia umeme kusema hakuna habari. Nikamwambia hiyo ndiyo habari yenyewe. Nadhani hakunielewa, lakini alitia sahihi.

Antena tuliipandisha juu ya mlingoti wa mkaratusi, mrefu kuliko hindi lolote. Na tangu mwaka ule hakuna kidude tulichofunga Kiminini, Chwele wala penginepo bila kurudi kupima mahindi yakiwa na ndevu. Mnalijua hilo, mmenilalamikia mara nyingi kwa kuwaingiza mashambani na matope. Endeleeni hivyo. Mkikuta mkulima ameweka mkono ndani ya gunia, msimwambie aache. Mwulizeni amesikia nini, kisha mlinganishe na mita.

Miaka iliyobaki ilikuwa mizuri. Vidude viliongezeka, malango pia, na kila alfajiri simu yangu ilipokea mulembe kutoka kila ghala kabla sijatoka kitandani. Nilizoea kuzisoma huku maji ya chai yakichemka. Mohinder alikuwa amekwisha kufariki, lakini mwanawe, ambaye siku hizi anauza simu katika duka lilelile, nilimwonyesha. Akasema baba yake angeuliza kwanza ni betri gani.

Siku ya kustaafu nambari yangu iliondolewa kwenye orodha, kama inavyopaswa. Nilikuja hapa nyumbani nikaizima simu kabisa na kuitia kwenye droo. Nilijiambia nimepokea ujumbe wa kutosha maishani. Nililala, nikapalilia maharagwe, nikalala tena. Nilikuwa na raha, ila asubuhi ya kwanza nilinyoosha mkono kutafuta simu, na nilihisi upweke ambao sikuutarajia.

Siku ya nne ilikuwa ya soko Chwele. Saa nne hivi nikasikia hodi langoni. Nilitoka na khanga begani nikamkuta Mama Nasimiyu amesimama na kikapu, viatu vimejaa vumbi la njia.

"Umetoka Kiminini kuja sokoni?" nikamuuliza.

"Sokoni nitaenda nikimaliza hapa. Nimekupigia simu siku tatu, Nekesa. Kimya." Siku zote alikuwa akiniita fundi. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutumia jina langu.

"Nilikuwa napumzika tu, dada. Mtu akinyamaza ni kwamba yuko sawa."

"Hiyo ndiyo uliniambia mwaka ule."

Akaweka kikapu chini, akaja karibu, akanigusa paji la uso kwa mgongo wa mkono, kisha shingo, taratibu, kama nilivyomwona akigusa magunia. Nilisimama tuli. "Hakuna joto," akasema. "Sawa. Sasa niletee maji ninywe."

Tulikunywa chai mpaka soko likakaribia kufungwa. Alipoondoka niliitoa simu kwenye droo nikaiwasha. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijawasha jiko, namtumia neno moja, naye hunirudishia lilelile. Halili betri.